Fungua Seva, Usome Nini?

Agosti 2022, wiki ile baada ya Wafula Chebukati kutangaza matokeo ya urais pale Bomas, kila mtu Nyakoe aligeuka mtaalamu wa seva. Jamaa wa bodaboda, mwenye kibanda cha chipsi, mzee wa kunoa visu. Egesa FM ilinguruma kwenye kila duka, na katikati ya Ekegusii chote ungesikia neno moja likirudi: seva, seva, seva. Ndiyo wiki ambayo kikundi cha akina mama wanaouza ndizi kilinipigia simu niende nikafungue seva yao.

Seva yenyewe hawakuwa nayo. Walikuwa na tovuti ya zamani ya kuwekea hesabu za chama, iliyoandikwa kwa ASP.NET na mtu ambaye siku hizi hapokei simu, ikikaa kwenye kompyuta ya kampuni fulani inayokodisha nafasi mtandaoni. Mimi niliirithi tu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili (karo, hadithi mnaijua), nimerudi nyumbani, natengeneza simu, naandika makala yanayotoka kwa majina ya watu wengine, na ikawa kila kitu chenye waya pale mtaani ni changu. Kwa kazi hiyo walinilipa elfu moja mia tano kwa mwezi, na mkungu wa ndizi mambo yakiwa mazuri.

Shida ilikuwa hivi. Mfumo ulisema michango kadhaa imeingia tangu Mei. Sanduku na benki vikijumlishwa vilikuwa pungufu kwa shilingi 18,000. Mfumo ulionyesha pia ni nani aliingiza kila mchango, na kila mahali jina lilikuwa moja: hazina. Mwenye jina hilo ni mama wa miaka sitini na kitu, ambaye sisi sote tunamwita Omong'ina, na ambaye ameshika pesa za kikundi hicho tangu zilipokuwa zikilala kwenye mkebe wa Kimbo.

"Kijana," mwenyekiti akaniambia mbele ya watu wote, "wewe ndiye mwenye kompyuta. Hebu iulize hizo pesa zilienda wapi."

Nikafungua lepu. Omong'ina alikuwa amekaa pembeni, kitabu chake cha risiti kwenye mapaja, leso imefunika nusu ya uso. Hakusema kitu. Mimi nilijua tayari, kabla ya ukurasa kufunguka, kwamba nitakachoonyeshwa ni upuuzi mtupu. Na nilijua ni kwa sababu ya uamuzi nilioufanya mwenyewe miezi saba kabla, jioni moja ya mvua, kwa uvivu.

Uamuzi huo una historia ndefu kuliko mimi, na ndiyo nataka kuisimulia.

Programu ikiwa inafanya kazi haionekani. Mtu anabonyeza kitufe Nyakoe, kompyuta iliyo mbali inafanya jambo, ukurasa unarudi. Katikati hapo kuna giza. Tangu zamani waandishi wa programu wamekuwa wakimulika giza hilo kwa njia moja ya kienyeji: kuiambia programu iandike inachokifanya. Nimefika hapa. Nimepokea mchango. Nimeshindwa kuhifadhi. Waingereza huita maandishi hayo kwa neno lile lile la gogo la mti, na sababu ni ya baharini. Mabaharia walikuwa wakitupa kipande cha ubao nyuma ya meli, kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo, wanahesabu mafundo yanayopita mkononi huku mchanga ukimiminika kwenye chupa. Hapo wanajua kasi. Kasi ikaandikwa daftarini, daftari likachukua jina la ubao. Kiswahili cha pwani kina neno lake kwa vyote viwili, ubao na daftari: batli. Sijawahi kumsikia mtu wa kompyuta akilitumia, wote tunasema logi, lakini mimi nitalitumia hapa kwa sababu linanikumbusha jambo ambalo logi hainikumbushi. Batli ya meli husomwa na nahodha kila siku, sawa, lakini siku inapotakiwa hasa ni siku ambayo meli imegonga mwamba na wanaoisoma ni watu ambao hawakuwemo.

Sasa, mwaka 1996 kulikuwa na mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa SEMPER, wa kujaribu kujenga soko salama la mtandaoni. Watu wa mradi huo walichoka na kuandika batli hivi hivi, wakatengeneza kijizana chao. Kijizana kikakua, kikapitia mikono mingi, hasa ya Ceki Gülcü, na kikawa log4j, fremuweki ya batli kwa lugha ya Java. Wazo lake lilikuwa jepesi na ndiyo maana lilienea. Kila ujumbe una daraja lake: huu ni wa fundi peke yake, huu ni taarifa, huu ni onyo, huu ni kosa, huu ni msiba. Na ujumbe haujali unakoenda. Leo faili, kesho hifadhidata, kesho kutwa barua pepe kwa mtu aamke usingizini, na hubadilishi msimbo, unabadilisha mipangilio tu. Watu wa Microsoft wakapata nakala yake, log4net.

Halafu ikaja Februari 2002. Ndani ya mwezi huo mmoja, Sun ilitoa Java 1.4 ikiwa na batli yake ya ndani, na Microsoft ikatoa toleo la kwanza la .NET, ambamo ASP.NET ilikuja na treisi yake. (Kenya hapa tulikuwa mwaka wa mwisho wa Moi na simu ya mkononi ilikuwa ni ya wenye nacho.) Ghafla kila mtengenezaji wa tovuti akawa na swali ambalo halikuwepo: kwa nini nibebe daftari kutoka nje na nyumba imekuja na lake?

Upande wa Java ugomvi ulikuwa wa wazi. Gülcü alikuwa ameandika kuikosoa batli ya Sun hata kabla haijatoka, akiwasihi wachukue log4j badala yake. Hawakumsikiliza. Matokeo yake ni kichekesho: baadhi ya maktaba za Java zilitumia hii, nyingine ile, ikabidi vitengenezwe vijizana vya kupatanisha, kisha Gülcü mwenyewe akatengeneza kipatanishi kingine, SLF4J. Miaka ishirini baadaye wanafunzi bado wanauliza kwa nini programu yao inabeba vitu vitatu vya kuandika neno "nimefika".

Upande wa Microsoft swali lilikuwa la utulivu zaidi, na ndilo lililonikuta mimi. Treisi ya ASP.NET ni tamu sana. Unaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, unafungua anwani inayoishia na trace.axd, na unaona kila kitu: ombi liliingia saa ngapi, kila hatua ilichukua sehemu gani ya sekunde, mtumiaji alituma nini, vidakuzi vyake, yote kwenye jedwali safi. Log4net kwa upande wake inataka upakue, uandike mipangilio mirefu, uamue faili likae wapi, likijaa liende wapi, kisha upite kwenye msimbo mzima ukiamua kila mahali nini kinafaa kuandikwa. Jioni ile ya Januari, mvua ya Kisii inanyesha kama kawaida yake, bando inaisha, niliongeza mstari mmoja nikalala.

Kuna mambo mawili sikusoma. Treisi ile, ukiiacha ilivyokuja, hushika maombi 10. Na si ya mwisho: ni 10 ya kwanza. Ikishajaza kumi inafumba macho, mpaka uifute au uibadilishie mipangilio. La pili ni kwamba inakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya programu, na seva ya Microsoft kwa kawaida huizima programu isiyoguswa kwa dakika 20. Soko la Nyakoe halina mtu wa kugusa tovuti ya chama kila dakika 20. Kwa hiyo kila alfajiri daftari langu lilikuwa jeupe, na kila siku lilikumbuka kurasa kumi za kwanza kisha likasahau.

Siku ile mbele ya akina mama lilinionyesha maombi kumi. Yote ni yangu mwenyewe, ya dakika tatu zilizopita, nikihangaika kuingia.

Ningependa kusema treisi ni mbaya, lakini haingekuwa haki. Iliyotengeneza treisi ile ilikuwa inamfikiria mtu mmoja: fundi, akiwa amekaa mbele ya kosa linalotokea sasa hivi. Kwa mtu huyo ni bora kuliko log4net mara kumi. Mtu ambaye haikumfikiria ni yule anayekuja baadaye, ambaye hakuwepo, ambaye hakuamini. Fremuweki nayo, kwa usumbufu wake wote, inakulazimisha kumwaza mtu huyo. Unapoamua "hili ni onyo, hili ni taarifa, lihifadhiwe siku tisini", tayari umeshakubali kwamba kuna siku mtu atauliza na wewe huenda haupo.

Nchi yetu imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa kuliko shilingi 18,000.

Baada ya damu ya 2007 na 2008, tume ya Jaji Kriegler ilipendekeza matokeo ya kura yatumwe kwa njia ya elektroniki. Machi 2013 tukajaribu. Wengi mtakumbuka, au wakubwa wenu watakumbuka, ile skrini ya Bomas ikionyesha kura zilizokataliwa zikipanda hadi zaidi ya laki tatu. Baadaye IEBC ikaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye programu iliyokuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Mara nane! Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwananchi wa kawaida. Unaambiwa hitilafu ilikuwepo, unaambiwa imeondolewa, na huna chochote cha kusoma kinachoonyesha ilianza saa ngapi na ilimgusa nani. Unaombwa kuamini tu. Wengine waliamini na wengine hawakuamini, kwa kufuata walivyopiga kura.

2017 ilikuwa zito zaidi. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia ya tume, alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa amepita kwenye televisheni akieleza jinsi mfumo utakavyofanya kazi. Kisha kura, kisha matokeo, kisha kesi, Ombi Namba 1 la 2017, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia majaji wakizungumza kuhusu batli. Agosti 28 Mahakama ya Juu iliamuru walalamishi wapewe nafasi ya kusoma, kusoma tu bila kugusa, kumbukumbu za seva za tume: nani aliingia, saa ngapi, alifanya nini. Mahakama ikateua wataalamu wawili, Profesa Joseph Sevilla na Profesa Elijah Omwenga, wasimame hapo kama macho yake.

Waliyoomba hawakupewa yote. Vipande vilitoka, vingine vikachelewa, vingine havikuonekana kabisa. Na hapa ndipo hukumu kamili ya Septemba 20 inanivutia, kwa sababu majaji wengi hawakusema "tumeona wizi ndani ya seva". Hawangeweza, hawakuonyeshwa. Walisema tume ilikuwa na nafasi ya dhahabu ya kuwanyamazisha walalamishi kwa kufungua kumbukumbu zake, ikaiacha ipite. Na kwa kuwa iliikaidi amri, mahakama haikuwa na budi kukubali madai: ama mfumo uliingiliwa kutoka nje, ama wa ndani waliuchezea, ama utumaji uliwashinda na hawakutaka kukiri. Uchaguzi wa rais ukafutwa, majaji wanne dhidi ya wawili. Afrika ilikuwa haijawahi kuona mahakama ikifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Jaji Maraga na wenzake walihukumu, kwa sehemu kubwa, kwa ukimya wa daftari.

Mwezi huo huo ikavuja memo ya Chebukati kwa afisa mkuu wa tume, Ezra Chiloba, akiuliza maswali. Moja lilikuwa: imekuwaje akaunti ikafunguliwa kwa jina lake, bila yeye kujua, na kufanya miamala 9,934? Yalikuwa maswali, si hukumu, na palikuwa na kubishana kwingi ndani ya tume yenyewe kuhusu memo hiyo. Lakini nilipokuwa nimekaa mbele ya Omong'ina miaka mitano baadaye, nambari hiyo ndiyo iliyonijia. Kompyuta huandika jina la akaunti. Mkono ulioko nyuma ya jina haiujui. Hazina, hazina, hazina, mstari kwa mstari, na mama mwenyewe amekaa hapo amejifunika leso.

Wakati huo huo, Nairobi, ombi jipya lilikuwa likisikizwa. Safari hii tume ilikuwa imebadilisha mbinu, na nadhani ilikuwa mbinu nzuri kuliko seva yoyote: fomu 34A za vituo 46,229 ziliwekwa mtandaoni, picha kwa picha, kila mtu apakue ajumlishe mwenyewe. Vijana walikesha wakijumlisha. Fomu hiyo hiyo ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa kituo na nakala ziko mikononi mwa mawakala, kwa hiyo ukishuku picha unaenda mlangoni. Lakini kesi ililetewa pia kurasa za batli, eti zinaonyesha watu wakiingia kwenye mfumo na kubadilisha fomu. Septemba 5 Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu Martha Koome akisoma, ilisema baadhi ya batli hizo zilitoka kwenye uchaguzi wa 2017 au zilikuwa za kughushi kabisa. Nilisikiliza nikiwa kwenye duka la kuchaji simu. Mzee wa visu akaniuliza, "Sasa hata hiyo ya kompyuta inaweza kuandikwa na mtu?" Nikamwambia ndiyo, mzee, ni maandishi tu, kama barua. Akaonekana amenikasirikia mimi.

Alikuwa na haki. Sisi wa kompyuta ndio tuliowauzia watu wazo kwamba mashine haidanganyi. Na siyo kughushi tu. Desemba 2021, miezi michache kabla ya hayo yote, ulimwengu uligundua kwamba log4j ya kizazi cha pili, daftari lile lile lililoanzia kwenye mradi wa Ulaya, ilikuwa na tabia ya kutii ilichoandikiwa. Ukiweza kufanya programu iandike sentensi fulani kwenye batli, hata kwa kuitupia kwenye soga ya mchezo wa Minecraft, log4j ingeisoma sentensi hiyo kama amri, ikaenda kuchota programu ya mgeni mtandaoni na kuiendesha. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Waliokuwa wamebaki na batli ya ndani ya Java, ile iliyodharauliwa tangu 2002, hawakuguswa nao. Nasema hivi ili mtu asidhani nahubiri fremuweki. Ukileta mtunza daftari kutoka nje umemleta na mikono yake.

Turudi Nyakoe.

Nilichowaambia akina mama siku ile ni ukweli: mfumo haukumbuki. Mwenyekiti akasema, "Lakini unakumbuka jina." Ndiyo, unakumbuka jina. Omong'ina akafungua kitabu chake cha risiti, kile cha kaboni, kila risiti na nakala yake ya rangi ya waridi chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye kila mchango anaandika hapa kwanza, akifika nyumbani ndipo mjukuu wake anamsaidia kuingiza kwenye simu. Risiti zake zilijumlika sawasawa na pesa zilizokuwepo. Mama mmoja, si mwenyekiti, mwingine, akasema hata mimi naweza kuandika kitabu changu nyumbani. Watu wakacheka kidogo. Hicho kicheko ndicho kilichomaliza mambo.

Wiki iliyofuata aliuza ndama na kulipa 18,000. Alisema hataki jina lake liitwe kila Jumanne.

Kwa nini nisingeangalia tu kwenye hifadhidata kama kuna michango iliyojirudia? Niliangalia. Ilikuwepo, sita, ya elfu tatu tatu. Lakini wanawake wale hununua hisa mbili kwa siku moja wakiuza vizuri, na jedwali lile la zamani lilihifadhi tarehe bila saa. Mistari miwili ya tarehe moja, jina moja, kiasi kimoja, ilikuwa jambo la kila wiki. (Mtauliza kwa nini hawakutumia M-Pesa, ambayo tangu Machi 2007 inampa kila mtu namba ya muamala, ambayo mteja na mwenye duka wote wanaishika. Pesa ya ndizi ni ya mkononi, jibu ni hilo.)

Ile namba ya M-Pesa, kwa njia, ndiyo treisi ya kisasa yenyewe. Mwaka 2010 watu wa Google walieleza mfumo wao uitwao Dapper: ombi moja la mtumiaji linapita kwenye kompyuta nyingi, kwa hiyo lipe namba mlangoni na kila kompyuta iandike namba hiyo. Twitter wakatengeneza Zipkin, Uber wakatengeneza Jaeger, na mwaka 2019 miradi miwili iliyokuwa ikishindana ikaungana kuwa OpenTelemetry. Siku hizi hata .NET imekuja na mlango mmoja wa ndani ambao fremuweki za nje huchomekwa nyuma yake, hivyo ule ugomvi wa 2002 umepoa. Ungeniuliza leo nichague, ningekwambia andika kupitia mlango wa ndani, chomeka unachotaka nyuma, na kila mstari uwe na saa, namba ya ombi, na jina. Dakika ishirini za kazi. Nilikuwa nazo Januari ile.

Oktoba ndipo nilipoiona. Kampuni ya kukodisha ilinitumia barua pepe kwamba nafasi inakaribia kujaa, nifute vitu. Nikaingia kwenye mafaili kutafuta cha kufuta, nikakuta folda ambayo sikuwahi kuifungua, imejaa mafaili ya maandishi, moja kwa kila siku, kurudi nyuma hadi Februari. Ilikuwa batli ya seva yenyewe ya wavuti. Hakuna mtu aliyeichagua, si mimi wala aliyenitangulia. Inakuja ikiwa imewashwa. Haina maneno matamu: tarehe, saa, anwani ya mtumiaji, ukurasa gani, kusoma au kutuma, jibu gani, milisekunde ngapi.

Nilitafuta siku zile sita. Mwanzoni sikuona kitu, nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu Omong'ina alisema huingiza baada ya saa kumi na mbili jioni na pale jioni palikuwa tupu. Nilikaa saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba seva ile huandika kwa saa za dunia, si za Nairobi. Uko nyuma saa tatu. Nikarudi nyuma saa tatu na zikawa hapo. Siku ya kwanza: kutuma mchango, halafu sekunde 17 baadaye, kutuma tena, anwani ile ile. Kila kutuma kulikuwa kumechukua sekunde zaidi ya ishirini. Mtandao ulikuwa unakokota, mjukuu akaona kimya, akabonyeza tena. Siku ya pili hivyo hivyo. Zote sita.

Nikalinganisha na siku za hisa mbili za kweli. Hapo katikati ya kutuma kwa kwanza na kwa pili kulikuwa na mstari mwingine: ukurasa wa fomu umefunguliwa upya, kisha dakika moja au mbili za kuandika. Kwenye zile sita mstari huo haukuwepo hata mara moja. Mtu hawezi kujaza fomu upya bila kuifungua.

Nilizichapisha kwenye duka la fotokopi mjini Kisii, kurasa nane, nikazipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mwenyekiti alizishika kwa muda mrefu. Akauliza kama mimi ndiye niliyeziandika. Nikamwonyesha jinsi ya kuingia na kuziona mwenyewe kwenye simu yake, nikamwonyesha kwamba mistari ya jana ya yeye mwenyewe kuingia iko hapo, saa tatu nyuma, na anwani yake. Hilo ndilo lililomshika, kujiona. Akamwita mweka hazina mpya, wakakaa na kitabu cha kaboni upande mmoja na kurasa zangu upande mwingine, risiti moja, mistari miwili, risiti moja, mistari miwili, hadi ya sita.

Walimrudishia kwa awamu, elfu tatu kila mwezi, hadi Aprili. Ndama alikuwa ameshaenda Keroka zamani. Walimwomba arudi kushika pesa, akakataa, kwa upole, akasema macho yamechoka.

Nilienda kwake mwenyewe kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote, treisi, kumi za kwanza, dakika ishirini, na nikaanza kumweleza. Alinisikiliza akimenya ndizi. Nilipofika kwenye folda aliniuliza swali moja tu.

"Hiyo karatasi ilikuwa huko siku ile walipocheka?"

"Ilikuwa, Omong'ina."

Akaendelea kumenya.